Ngazi Zilizofungwa

Pindo hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na wateja, kwa kuwa alikuwa fundi cherehani asiyeweza kuona nguo inachanika ukingoni akanyamaza. Hata ukimpelekea gunia, walisema, atakurudishia lina pindo. Alikaa ghorofa ya tatu, ya juu kabisa, kwenye jengo la zamani la vyumba vya kupanga, pamoja na mama mkwe wake. Mume hakuwepo. Alishaondoka zamani, akaoa kwingine, na talaka akaitoa kwa simu kama mtu anayeahirisha miadi ya daktari wa meno. Siku ile Pindo alianza kufunga mizigo. Mkwe wake alimtazama kutoka kitandani, akamuuliza:

"Unakwenda wapi?"

"Mama, mwanao ameniacha."

"Yeye ndiye amekuacha. Mimi nimekwambia kitu?"

Basi Pindo akafungua mizigo, na maisha yakaendelea.

Mkwe huyo, ambaye jengo zima lilimwita Bi Mkubwa, alikuwa opereta wa simu enzi zile mtu akitaka kuzungumza na mji mwingine anaomba aunganishwe. Miaka yote alikaa na vidubwasha masikioni akisema subiri kwenye laini, zungumza, muda wako umekwisha. Kisha kiharusi kikampitia upande wa kulia, kikachukua mkono na mguu, kikaacha ulimi. "Laini moja imekatika," aliwaambia waliokuja kumpa pole, "lakini nyingine inapatikana." Tangu hapo hakushuka tena. Dunia yake ikawa kitanda, dirisha, na sauti ya cherehani ya Pindo kutoka chumba cha mbele. Jioni Pindo alimgeuza, akamkanda, akamsimulia nani kaleta kitambaa gani na nani kanenepa kiasi cha kumlaumu fundi. Bi Mkubwa akacheka mpaka akakohoa.

Shida ilianza kwenye tangi la maji lililokaa juu ya paa, karibu na ngazi. Lilikuwa linavuja. Kwanza ukutani kukatokea doa kama la chai iliyomwagika, halafu doa likashuka, likapanuka, likaota ukungu, na mwisho ukaonekana ufa unaoanzia darini na kuteremka kando ya mlango. Pindo alimwita msimamizi wa jengo, bwana mmoja mpole aliyevaa shati la mikono mirefu hata jua likiwa kali. Wapangaji walimpachika jina Kesho, kwa sababu hilo ndilo jibu alilokuwa nalo. Kesho akaja, akainua uso, akautazama ufa kwa huruma ya kweli.

"Huu unahitaji fundi," akasema.

"Lini?"

"Kesho."

Alipoondoka, Bi Mkubwa akasema, "Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wapangaji. Mpangaji haruhusiwi kuziba wala kujenga. Kazi yake ni kuuangalia tu."

Wakauangalia. Majira ya mvua yakaja yakapita, ufa ukanenepa. Kisha mchana mmoja, Pindo akiwa mbele anashona sare za shule, akasikia kishindo chumba cha ndani. Alipoinuka alisikia pia sauti ya mkwe wake, tulivu kabisa:

"Mwanangu, nini kimeanguka huko kwako?"

Hakikuanguka kwake. Pindo alisukuma mlango akaona vumbi jeupe limejaa chumbani, na pande la plasta la darini, pana kama sinia, limelala juu ya mguu wa kulia wa Bi Mkubwa. Shuka ilikuwa inalowa damu. Bi Mkubwa hakujua. Alikuwa anapepea vumbi kwa mkono wake mzima, ameudhika kidogo, anasubiri jibu. Pindo alipoliinua lile pande na mfupa wa muundi ukaonekana, mama mkwe akauangalia mguu wake kama mtu anayeangalia mguu wa mgeni.

"Ni wangu huo?" akauliza.

Muuguzi aliyekuja kuufunga alisema wana bahati, lingeshuka upande wa kichwa ingekuwa habari nyingine. Pindo alilifikiria neno hilo bahati siku nzima. Kilichomtisha si damu. Kilichomtisha ni kwamba mkwe wake angeweza kufunikwa na dari kipande kwa kipande huku anauliza nini kinaanguka chumba cha pili.

Kesho alipooneshwa tundu alikiri ukweli. Mwenye jengo alikuwa amefariki. Watoto wake wawili, kaka na dada, walikuwa mahakamani wakigombea mirathi, na mahakama imesema hakuna kugusa chochote mpaka kesi iishe. Si kuuza, si kujenga, si kubomoa.

"Na kupokea kodi?" Pindo akamuuliza.

"Hiyo haikukatazwa," Kesho akasema, na akaona aibu.

Ndipo Pindo akaenda ofisi za jiji, idara ya majengo. Alimwachia mkwe maji na simu karibu na mkono mzima, akavaa gauni lake zuri, akapanga foleni kwenye dirisha la malalamiko. Karani alikuwa kijana mwenye kucha safi.

"Mwenye jengo nani?"

"Amefariki."

"Sasa unamlalamikia nani?"

"Namlalamikia dari."

Karani hakucheka. Aliandika, akapiga muhuri, akamwambia mkaguzi atafika. Pindo alirudi nyumbani anajisikia mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo. Alimwambia mkwe wake kwamba mambo sasa yako mikononi mwa jiji. Bi Mkubwa akamtazama muda.

"Jiji lina mikono mingapi?" akauliza.

Mkaguzi alikuja wakati Pindo ameshaanza kumsahau. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, na mfukoni alibeba nyundo ndogo ya kugongea kuta. Watoto wa jengo walimfuata wakimwita Bwana Gonga, naye hakukasirika. Pindo alimpeleka moja kwa moja chumbani kwa mkwe wake, akamwonesha tundu la dari na mguu uliofungwa. Bwana Gonga akaangalia juu, akagonga mara chache, akatikisa kichwa, akaandika. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda kama Pindo alivyotarajia.

Kisha akatoka nje kwenye ngazi.

Akainama. Akagonga kidato cha kwanza karibu na ukuta, kikajibu kwa sauti nzito. Akagonga cha pili, kikatoa sauti ya chungu kilichopasuka. Akachokonoa kwa ncha ya nyundo, na zege likamegeka kama mkate mkavu. Ndani yake nondo ilikuwa nyekundu, imeliwa na kutu mpaka imebaki nyembamba kama waya. Maji ya tangi hayakuishia chumbani kwa Bi Mkubwa. Kwa miaka yalikuwa yanashuka ndani ya ukuta ule ambao ngazi zote zilishikiliwa nao, kutoka juu mpaka chini. Bwana Gonga hakugonga tena. Akakaa kitako juu ya kidato, akanyamaza.

"Mama," akamwambia Pindo mwishowe, "watu wangapi wanapita hapa?"

"Wote. Ngazi ni hizi tu."

"Na huyo mzee wa ndani anashukaje?"

"Hashuki."

Akaendelea kukaa. Pindo akamsogelea.

"Kaka yangu," akasema, "mimi nimekuja kwenu kwa ajili ya dari. Andika dari."

"Nimeshaandika dari."

"Basi inatosha. Hizo ngazi tunapita kila siku."

"Nisingeona, ningekuwa sikuona," Bwana Gonga akasema. "Lakini nimeona. Nikiondoka hapa nikanyamaza, nitakuwa nalala vipi?" Alisema polepole, bila ukali, kama anayeomba ruhusa. "Nitaandika watengeneze. Hiyo ndiyo sheria, kwanza mwenye jengo anaamriwa kutengeneza."

"Mwenye jengo ni maiti."

"Warithi basi."

Amri ikatoka. Ilikwenda kwa kaka, kaka akasema jengo ni la wote wawili, hawezi kutengeneza mali ambayo dada yake atakuja kuidai. Ilikwenda kwa dada, dada akasema akileta mafundi, kaka yake atamshitaki kwa kuvunja zuio la mahakama. Wote wawili walikuwa sahihi. Pindo aliwafuata mmoja mmoja, kwa miguu yake. Kaka alimpokea kwenye duka lake la vipuri, akamsikiliza, akamnunulia soda. Dada alilia mbele yake, akasema baba angekuwa hai asingekubali aibu hii. Pindo alitoka kwa wote wawili akiwa ameshakunywa na ameshaliliwa, na ngazi zilikuwa vilevile.

Akarudi idara ya majengo. Aliuliza kama jiji lenyewe haliwezi kutengeneza halafu likawadai warithi baadaye. Waliposikia hivyo walimpeleka dirisha jingine, na mama mmoja mnene mwenye sauti nzuri akamweleza kwamba ndiyo, sheria hiyo ipo, na fungu lake lipo, ila ndani ya fungu hamna kitu. Akauliza kama wapangaji wenyewe hawawezi kuchanga, wakamleta fundi mwashi aegemeze ngazi kwa nguzo za miti. Mama yule akasema hilo ni jambo jema, lakini kazi yoyote kwenye jengo inahitaji kibali, na kibali huombwa na mwenye jengo.

"Kwa hiyo nifanye nini?" Pindo akauliza.

Yule mama akavua miwani. "Mdogo wangu," akasema, "mimi hapa huwa najibu yanayowezekana na yasiyowezekana. La kufanya sijui."

Muda wa kutengeneza ulipopita bila mtu kugusa hata mchanga, sheria ikapiga hatua yake ya pili. Watu wa jiji walikuja wakabandika tangazo jekundu kwenye mlango wa chini: jengo si salama, ngazi zisitumike, wakazi wote wahame.

Jioni ile wapangaji walikusanyika uani. Kinyozi wa chini, aliyekuwa na kibanda chake mlangoni, alikuwa bado ameshika kitana. Mwalimu wa ghorofa ya pili alitoka na watoto wake wawili. Pindo alishuka akijua kinachofuata. Jina lake lilikuwa kwenye malalamiko, na habari haina kufuli.

"Ni wewe uliyewaita," Mwalimu akasema.

"Niliwaita waje kuona dari."

"Dari iliyokuangukia wewe. Sisi hatukuangukiwa na kitu." Mwalimu hakupaza sauti, aliizoea sauti ya darasani inayofika nyuma bila kupanda. "Ule ufa tulikuwa tunaishi nao. Ulikuwa ufa wetu. Sasa umewapa watu wa jiji, na wao wametupa sisi barabara."

"Mkaguzi kasema zitaanguka."

"Na nisipopata pa kuwalaza hawa, mkaguzi kasema watalala wapi?"

Kinyozi akasema yaishe, maji yakimwagika hayazoleki. Lakini hakumwangalia Pindo usoni, na tangu siku hiyo watu walipopishana naye kwenye ngazi zile zilizokatazwa, ambazo wote bado walizipita kwa kuwa hakukuwa na nyingine, walipunguza mazungumzo mpaka apite.

Pindo alimpigia simu aliyekuwa mume wake. Hakuwa amempigia tangu talaka. Akamweleza yote, mguu, ngazi, tangazo. Mume wa zamani alisikiliza, nyuma yake kukisikika watoto wadogo na redio.

"Sasa mimi huku nitafanyaje?" akasema.

"Ni mama yako."

"Najua ni mama yangu. Nitaona."

Aliona au hakuona, Pindo hakupata kujua. Aliyepatikana ni wifi yake, bintiye Bi Mkubwa, aliyekaa na mume na watoto mtaa wa mbali. Wifi akasema mama aletwe, kuna chumba cha nyuma walichokuwa wanawekea vitu, watakisafisha. Pindo alishukuru. Hakuuliza zaidi, kwa sababu fikra zake zote zilikuwa kwenye jambo moja: mtu asiyeshuka atashukaje kwenye ngazi zisizopitwa?

Aliomba zimamoto. Zimamoto wakasema wangekuja kwa moyo mmoja, ila ngazi yao ndefu iko matengenezoni. Akakodi wapagazi wawili na kiti. Bwana Gonga, aliyekuja siku ya kuhama ingawa hakuna aliyemtuma, akawazuia chini.

"Watu watatu na kiti kwenye kidato kimoja, siwezi kuwaambia pandeni," akasema. "Mmoja mmoja, tena upande wa ukutani."

Wapagazi wakatazamana, wakatazama juu, wakaweka kiti chini. Hawakutukana wala hawakudai chochote. Waliondoka tu.

Pindo alikuwa ameliwazia hilo. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ameshona kitu kwa turubai, mbeleko kubwa yenye mikanda ya mabegani na kiunoni, kila mshono amepita nao mara mbili na mahali pengine mara tatu. Alimkalisha mkwe wake ukingoni mwa kitanda, akageuka, akapiga goti, akajifunga. Alipojaribu kusimama aligundua kwamba Bi Mkubwa hakuwa mzito. Miaka yote aliyomgeuza hakuwahi kujua kwamba amebaki mdogo hivyo.

Wakatoka kwenye ngazi. Bega la kulia la Pindo likisugua ukuta, mguu ukitafuta kidato kabla ya kukiamini. Chini kabisa walionekana watu wametoa magodoro na masufuria, wanawaangalia.

"Mwanangu alishindwa kukubeba wewe," Bi Mkubwa akamnong'oneza sikioni, "na wewe unambeba mama yake."

"Usinichekeshe, mama."

"Sikuchekeshi."

Kwenye kona ya ghorofa ya kwanza kokoto zikatiririka mahali fulani ndani ya ukuta, kama mchele unaomwagwa kwenye bati. Pindo akasimama. Alifikiri: ngazi zikishuka sasa, tumekwisha sote wawili, na ni mimi niliyemleta wa kuzigonga. Mkono mzima wa Bi Mkubwa ukamshika kifua kwa nguvu ambayo Pindo hakujua kama bado anayo. Kokoto zikanyamaza. Pindo akashusha mguu.

Walipofika chini hakuna aliyepiga makofi. Kinyozi alileta kigoda. Mwalimu, aliyekaa juu ya godoro lake lililokunjwa, aliinama akafunga kamba za kiatu cha mwanawe, zilizokuwa zimeshafungwa.

Kwa wifi chumba kilikuwa kimesafishwa kweli, kikapakwa chokaa. Walimlaza Bi Mkubwa, wakampa chai. Kisha wifi akamwita Pindo pembeni, karibu na kamba za kuanikia nguo.

"Wifi," akaanza, halafu akasita, kwa sababu neno lenyewe ndilo lililokuwa tatizo. "Nakushukuru. Mungu anajua. Hakuna mkamwana aliyefanya uliyofanya. Lakini nyumba hii ni ya mume wangu, na watu ni wengi. Mama ni mama yangu, nitakaa naye. Wewe... sasa nitawaambia wewe ni nani hapa?"

Pindo akaishika kamba ya kuanikia. Kwenye jengo lile hakuna aliyewahi kumuuliza yeye ni nani wa Bi Mkubwa. Walikaa mlango mmoja, basi ilitosha. Ule mlango ndio uliokuwa undugu wao, na sasa haupo.

"Nitakuwa naja kumwona," akasema.

"Njoo wakati wowote," wifi akasema, na alimaanisha.

Fundi mwenzake alimpa pembe ya kulala kwenye kibanda cha kushonea, nyuma ya vitambaa. Pindo alihamishia cherehani huko. Kila alipopata nafasi alivuka mji kwenda kumwona mkwe wake. Mara nyingine alimkuta amelala upande uleule siku nzima, mgongo umeanza kuchubuka, si kwa ubaya, ila wifi alikuwa na watoto, biashara na mume, na hakujua kwamba mtu wa hivi hugeuzwa hata asipoomba. Pindo alimwelekeza. Wifi akashika, akasahau, akashika tena. Kilichomuuma Pindo zaidi ni kwamba mkwe wake alipunguza mizaha. Mwenye mizaha anahitaji mtu anayejua pa kucheka.

Jengo halikuanguka. Hilo ndilo jambo ambalo Pindo hakujiandaa nalo. Mvua zilinyesha, upepo ukavuma, malori yakapita barabarani yakitikisa vioo, nalo limesimama na tangazo lake jekundu lililopauka likawa la waridi. Akipita pale alijikuta anapunguza mwendo na kuangalia ngazi kupitia mlango. Siku moja aligundua kwamba anachokitafuta kwa macho ni ufa mpya, na kwamba anautamani. Lishuke tu, likiwa tupu, asubuhi moja bila mtu, ili Mwalimu ajue na Kinyozi ajue. Aliondoka pale haraka kama aliyefumaniwa akiiba.

Alikutana na Bwana Gonga sokoni, amebeba mfuko wa vitunguu.

"Bado limesimama," Pindo akamwambia.

"Litaanguka."

"Lini?"

"Hilo huwa siandiki." Akahamishia vitunguu mkono wa pili. "Wamenihamisha. Siku hizi nakagua mabango ya biashara. Urefu na upana."

Wa kwanza kurudi alikuwa Kinyozi. Alisema anafungua kibanda tu, na kibanda kiko chini, hakihusiani na ngazi. Akafuata Mwalimu, ambaye kule alikohamia alikuwa analala na watoto kwenye korido ya binamu. Hakuna aliyewazuia, jiji lilikuwa na watu wa kubandika, halikuwa na watu wa kulinda kilichobandikwa. Muda si mrefu Kesho akamfuata Pindo kibandani, shati lake limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Chumba chenu bado kipo," akasema. "Dari nimeiziba. Nimepaka na rangi."

"Na ngazi?"

Kesho akaangalia chini, kwenye vipande vya nguo. Jibu lake lilijulikana, na kwa mara ya kwanza hakulitamka.

Bi Mkubwa alisikia kwamba Mwalimu amerudi, kwa kuwa mtu wa kitandani hakosi wa kumletea habari. Pindo alipofika, hakumwacha hata aweke mkoba.

"Nirudishe."

"Mama, ngazi zile ni mbovu. Ulizisikia mwenyewe."

"Nilizisikia. Na hapa kizima ni kipi?"

Pindo akamgeuza, akamkanda. Alitaka kumwambia kesho, akajikuta anaogopa neno lenyewe. Akikataa, anamwacha mama huyu azimike polepole kwenye chumba chenye chokaa. Akikubali, atampandisha tena kwa mgongo wake, na siku ngazi zikishuka hatakuwepo mtu mwingine wa kulaumiwa, maana ni yeye aliyeelezwa. Wengine walirudi bila kujua au kwa kujifanya hawajui. Yeye alimwona Bwana Gonga amekaa kwenye kidato amenyamaza.

Alilivuta jambo hilo wiki baada ya wiki. Akaota analipanda jengo, akaamka amekunja vidole vya miguu. Mwishowe akaenda, hajui anakwenda kukodi au kuaga. Alisimama ng'ambo ya barabara akainua macho. Kwenye dirisha lao kulikuwa na mapazia ya kijani. Kwenye kamba kulikuwa na vinguo vya mtoto mchanga, vidogo kama vitambaa vya mfukoni. Mwanamke kijana akatokea, akamwona anavyokodoa macho.

"Dada, unamtafuta nani?"

"Hakuna," Pindo akasema.

Kutoka pale miguu ilimpeleka yenyewe idara ya majengo. Akapanga foleni kwenye dirisha lilelile. Alijua Mwalimu atasema nini. Alijua yule mwanamke wa mapazia ya kijani atamwita nani. Hata hivyo zamu yake ilipofika alisema, kwamba jengo lile limerudiwa na watu, na juu kuna mtoto mchanga.

Karani mwenye kucha safi akatafuta kwenye kompyuta, akasoma.

"Jengo hilo halina watu," akasema.

"Lina watu. Nimetoka huko sasa hivi."

"Inawezekana. Lakini kwetu limeandikwa limehamwa. Suala lake limefungwa. Jengo lisilo na wakazi halina mtu wa kumtolea amri ahame."

"Lifunguliwe suala jipya basi."

"Anayeweza kufungua ni mkazi wa pale. Wewe ni mkazi?"

Pindo akasema hapana. Nyuma yake mtu akakohoa, foleni ilikuwa ndefu. Karani akamwangalia kwa upole kidogo, kama anayemtambua lakini hakumbuki wapi. Pindo akajitoa pembeni, akampisha anayefuata.

Jioni alikuwa kwa mkwe wake. Alimweleza kwamba chumba kimeshachukuliwa, kuna watu, wana mtoto. Ya ofisini hakuyasema. Bi Mkubwa akautelezesha mkono wake mzima juu ya shuka.

"Wameweka mapazia?" akauliza.

"Wameweka."

"Rangi gani?"

"Kijani."

Bi Mkubwa akafumba macho. "Yatapauka," akasema. "Jua la dirisha lile halina huruma. Wangeshonea kitambaa cha pili kwa nyuma."

"Ndiyo, mama," Pindo akasema, na akapitisha mkono chini ya bega lake amgeuze upande wa pili.